Besi wa Verlin

Mume wangu Verlin hajui kukaa. Anajua kusimama, kutembea, kuinama chini ya ng'ombe na kupanda juu ya paa, lakini mpe kiti baada ya chakula uone, atakitazama kama amefunguliwa kesi. Miaka yote tuliyoishi hapa Missouri, kwenye shamba aliloachiwa na baba yake, jambo hilo halikunisumbua. Tulikuwa na ng'ombe wa maziwa, na mwenye ng'ombe wa maziwa hana muda wa kujiuliza kama anajua kukaa. Kisha moyo wake ukamwangusha zizini, kati ya ng'ombe wawili. Daktari akamwambia akitaka kuendelea kuishi aachane na kukamua, basi kabla ya baridi kuingia tukauza kundi zima.

Asubuhi ya kwanza bila ng'ombe aliamka saa ile ile, akavaa buti, akaenda zizini, akarudi. Akaenda tena. Kufikia Krismasi alikuwa amechimba njia kwenye nyasi kutoka mlango wa jikoni hadi zizi tupu. Alinyoosha misumari iliyopinda, akaipanga kwa ukubwa, akaivuruga, akaipanga upya. Akaanza kunifuata jikoni na kunieleza namna ya kumenya viazi. Nilimwambia akinifundisha viazi mara nyingine nitammenya yeye.

Siku moja ya Januari akaniambia, "Alhamisi nakwenda mnadani. Ng'ombe wachache tu, Ardith. Wa kunishughulisha."

"Watakuzika hao."

"Na hiki kiti je? Unadhani hakiziki watu?"

Nilitazama nje ya dirisha, nikaliona bwawa. Lilichimbwa na baba mkwe nyuma ya zizi ili ng'ombe wanywe, na zamani lilikuwa na samaki wa maana. Mwaka mmoja kijito kikafurika kikaingiza samaki-jua, wale wapana wenye miiba mgongoni, wakazaana wakajaa. Sisi tuliwaita vijua, maana hakuna aliyezidi kidole gumba. Ukitupa kipande cha mkate, maji yalichemka kwa vijua, na hakuna hata mmoja wa kukaanga.

"Unataka kazi?" nikamwambia. "Kazi ile pale. Tengeneza bwawa."

Akalitazama muda mrefu. Kanisani kwetu kila Septemba huwa kuna siku ya kukaanga samaki, na kila familia yenye bwawa huleta wake. Sisi tulikuwa tunaleta saladi ya kabeji. Basi tukakubaliana pale pale mezani: Septemba ya mwaka unaofuata, tukipeleka kanisani samaki wa bwawa letu, samaki mwenye mnofu, habari ya ng'ombe imekwisha. Tukipeleka kabeji, anakwenda mnadani na mimi nafunga mdomo. Tukapeana mkono kama watu waliouziana trekta.

Lori linalouza samaki wa kufuga hupita mwezi wa Aprili na kuegesha nje ya duka la chakula cha mifugo. Mwenye lori ni mama mmoja mwenye aproni ya mpira na sauti ya kuita nguruwe. Alimsikiliza Verlin huku akichota samaki kwa wavu.

"Vijua vyako vinazaana kuliko vinavyoliwa," akasema. "Chakula ni kile kile, midomo haihesabiki, basi vyote vinadumaa. Unahitaji wa kuvila."

Akatuuzia besi, samaki wenye mdomo wa kumeza ngumi, kila watatu wanne ndani ya mfuko wa maji uliojazwa hewa. Akatuonya tusimtoe besi hata mmoja mpaka yeye arudi aone. "Mkipata njaa kuleni vijua, hata kama ni miiba mitupu. Besi mwacheni afanye kazi yake."

Verlin alipakata mfuko mmoja garini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ng'ombe waondoke kumwona amekaa njia nzima bila kugusa redio. Moyo wangu ukapoa, nikajisemea tumepona.

Kiangazi kile mambo yalikwenda. Verlin alitega mitego ya waya, akatoa vijua kwa ndoo, kuku wakanenepa. Kila jioni alisimama kwenye tuta akitupa mkate, na kila wiki maji yalipungua kuchemka. Kabla bwawa halijaganda aliingia jikoni na samaki-jua mmoja mwenye upana wa kiganja. Nilipiga makofi. Yeye alimgeuza geuza kwenye sinki, akasema, "Utashinda wewe," akatoka nje akaenda kukagua zizi tupu. Nilidhani amechoka.

Kiangazi cha pili mkate ukaanza tena kuchemsha maji. Wiki hii kidogo, wiki ijayo zaidi, na vijua vile vile vya kidole gumba. Mimi ndiye niliyekosa usingizi sasa. Nililaumu korongo, nikamfukuza kwa sufuria. Nililaumu fisi maji, yule mwizi wa samaki, nikakaa kwenye tuta na bunduki ya marehemu baba yangu asubuhi kadhaa, na fisi maji sikumwona. Mwisho nikampigia simu yule mama wa lori nikamwambia besi wake ni wavivu.

"Besi hana uvivu," akasema. "Nani anavua hapo kwenu?"

"Majirani tu."

"Mm," akasema.

Huku kwetu mtu akibisha hodi na kofia mkononi akaomba kuvua kwenye bwawa lako, humkatalii. Ukimkatalia, jina lako litafika kanisani kabla yako. Verlin ndiye aliyekuwa akiwapokea, nami nikamwambia awaeleze wazi: vijua wajaze ndoo, besi wamrudishe majini.

"Nitawaambia," akasema, akatoka.

Jumapili moja ya Agosti, mwezi mmoja kabla ya siku ya samaki, Mchungaji Tolliver na mkewe walitualika chakula cha mchana. Mkewe akaweka mezani sinia la samaki wa kukaanga, minofu minene, myeupe, ya kujaza mdomo mzima.

"Mtamu sana," nikasema. "Mmenunua wapi?"

Mchungaji akacheka. "Kununua tena? Huyu si wa bwawani kwenu, Dada Ardith? Alikaribia kunikatia mshipi. Mimi nilitaka kumrudisha, Verlin akaniambia mchukue. Mchukue na mwenzake."

"Na mwenzake," nikasema.

"Kasema mna besi mpaka hamjui pa kuwaweka," akadakia mkewe. "Kaka yangu naye kapewa, boksi la barafu halikufungika. Mungu awabariki, kwa kweli nyie mna mkono wa kutoa."

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anatafuna polepole sana. Akaomba apewe chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake.

Gari naendesha mimi siku hizi. Tulipofika shambani, badala ya kwenda nyumbani nikapinda nikasimamisha gari juu ya tuta. Tukashuka na nguo zetu za kanisani.

"Sema," nikamwambia.

"Niseme nini?"

"Sema unaliua bwawa lako mwenyewe ili urudi kwa ng'ombe."

"Sijaua kitu. Nimekuwa mkarimu."

"Verlin."

Akavua kofia, akaizungusha vidoleni. "Tulikubaliana nikishindwa niende mnadani. Hakuna aliyesema ni marufuku kujitahidi kushindwa."

Kama ingekuwa siku nyingine ningecheka. "Nimekaa hapa na bunduki namngoja fisi maji," nikamwambia, "kumbe fisi maji nimempikia chai asubuhi. Unanionaje wewe? Siku ile uliyoanguka nilikuita jina lako zizi zima. Wakaitikia ng'ombe, wewe hukuitikia. Sitaki kuipata siku ile mara ya pili. Nakutaka hai, basi. Sikuombi kingine."

Akaokota kokoto akalitupa majini, na vijua vikakimbilia pale vikidhani ni chakula.

"Bwawa halina ubaya," akasema. "Mwaka jana nililiona linavyopona. Besi wanakula, vijua vinakua, mimi nimesimama hapa nawatazama. Hawana haja na mimi, Ardith. Nisipotokea kesho, hakuna samaki atakayetoa kichwa aulize nimekawia wapi. Ng'ombe walikuwa wananiita."

"Mimi nakuita."

"Unaniita nije kula. Unaniita nije kukaa."

Hilo lilinichoma, na lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Nilirudi garini nikamwacha atembee kwa miguu hadi nyumbani. Siku tatu tulipikiana chai bila maongezi. Nilimpigia daktari simu nikamweleza yote, besi, mchungaji, kila kitu. Akauliza, akiwa ng'ombe mmoja tu, mwenyewe atakuwa na ukubwa gani.

Alhamisi nikawasha gari nikapiga honi. "Panda."

"Tunakwenda wapi?"

"Panda, mzee, usinichoshe."

Mnadani alikaa kwenye benchi la mbao mikono mapajani, wala hakunyanyua kidole walipokuwa wakipitishwa ng'ombe wazuri. Nadhani aliniogopa. Mwishoni wakaleta ng'ombe mmoja mzee wa aina ya Jersey, mbavu nje, chuchu moja imekufa, na watu wakaanza kuzungumza habari za mvua. Nikanyoosha mkono mimi.

"Mmoja tu?" Verlin akaninong'oneza. "Ng'ombe hawezi kukaa peke yake. Atalia mchana kutwa."

"Na alie. Si ndicho ulichokuwa unakitaka?"

Septemba tulipeleka kabeji. Mlango sasa naufungua mimi, na anayekuja kuvua namwambia usoni kwamba vijua ajaze ndoo, besi amrudishe majini, na kabla hajaondoka nafunua ndoo yake nione. Mchungaji Tolliver nilimfunulia pia. Jina langu lilifika kanisani kabla yangu, likakaa benchi la mbele. Aprili lori likapita, tukaongeza besi, na yule mama wa aproni aliposikia kisa chote alicheka hadi akaangusha wavu.

Verlin anakamua mara mbili kwa siku, polepole, juu ya kigoda, na daktari amekubali kwa sharti kwamba ndoo naibeba mimi. Baada ya chakula cha mchana anaketi kwenye kile kiti alichokiogopa na kusinzia, kinywa wazi, mikono imelegea. Mtu angedhani nami sasa ningetulia. Mimi ndiye ninayezunguka. Nafuta meza iliyokwisha kufutwa, napita karibu yake, natazama kama shati linapanda na kushuka, nakwenda dirishani, narudi.

Jana ng'ombe aliita na Verlin hakujongea. Nikasimama katikati ya jiko na kitambaa cha vyombo mkononi. Akaita tena, kwa sauti ndefu, ya kulalamika, na bado kile kiti kilikuwa kimya. Nikataka kumwita, jina lake likanishinda kutamka.

"Nimesikia," akasema, macho bado yamefumbwa.

Sijui alimjibu ng'ombe au alinijibu mimi. Akavaa buti, akashuka ngazi, akakatiza uani kwa hatua zake zile za kizee. Kutoka jikoni ndani ya zizi hakuonekani. Kwa hiyo mimi husimama hapo hapo kila siku, kitambaa mkononi, nikimsikiliza ng'ombe anavyoita, anavyoita, mpaka anyamaze. Akinyamaza najua Verlin amefika, na mimi ndipo ninapokaa.