Siku Anyesi Alipofokewa

Fabian, afisa ustawi wa jamii, alikuwa na ugonjwa mmoja ambao dawa yake haiuzwi dukani: ugonjwa wa kuwasemea watu. Kazi ndiyo iliyomwambukiza. Kwa miaka kadhaa alikuwa akizunguka Dodoma kwa baiskeli, kutoka Ihumwa hadi Zuzu, akibisha kwenye ofisi za mabosi na kuwaeleza kwamba asiyeona anaweza kazi, asiyesikia anaweza kazi, anayetembelea magongo anaweza kazi. Zilikuwa enzi za ruksa. Mashirika ya umma yalikuwa yakipunguza watu, huku kila mwenye vijisenti akifungua duka, gesti au mashine ya kusaga. Mabosi hao wapya walimsikiliza Fabian kwa adabu, wakamnywesha soda, wakamwambia asubiri kupigiwa simu. Simu haikulia hata siku moja. Mtu akizoea kuongea peke yake namna hiyo, mdomo wake hausubiri tena kuulizwa.

Ndipo akakutana na Anyesi.

Anyesi alikuwa binti wa Zuzu, asiyeona tangu alipougua surua utotoni. Alikuwa amesomea kazi ya swichibodi, mtambo wa kuunganisha simu, Dar es Salaam, akarudi nyumbani na cheti na fimbo nyeupe, na tangu arudi alikuwa amekaa kwenye mkeka uani kwa kaka yake Sostenes. Hakuteswa. Alilishwa, alivishwa, alipelekwa kanisani. Fabian alipomtembelea mara ya kwanza alimuuliza anataka nini maishani, akiwa tayari na majibu yake matatu ya kumsaidia kujibu.

"Nataka kusema karibu," alisema Anyesi.

Fabian aliyameza majibu yake yote matatu.

"Hapa mtu akipiga hodi, wanajibu wao," Anyesi aliendelea. "Hata nikiwa nimekaa mlangoni peke yangu, mgeni ananipita, anauliza wenyewe wako wapi. Nataka chumba changu, Bwana Fabian. Mtu apige hodi, niseme karibu, nimpe chai. Lakini chumba kinataka kodi, na kodi inataka kazi. Kaka amesema nikipata kazi ya kudumu hatanizuia. Bila hiyo nisahau."

Fabian alirudi mjini akikanyaga baiskeli kama anayefukuzwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kwa Mzee Hamidi. Huyu alikuwa mwenyeji wa mji hasa, ukoo wake wafanyabiashara tangu zama za misafara, na sasa alikuwa amefungua hoteli karibu na stesheni, ya ghorofa moja, yenye mapazia mekundu na swichibodi ya mtumba ambayo hakuna aliyeisomea. Hamidi alijulikana kwa mambo mawili: pilau na kufoka. Alimfokea mpishi kwa chumvi, mlinzi kwa usingizi, mhudumu kwa vumbi, kisha akatulia na kuwaagizia wote chai. Wafanyakazi wake walizichukua kelele hizo kama sehemu ya sare.

"Jina lako nani, binti?" aliuliza Hamidi siku ya usaili.

"Anaitwa Anyesi," alijibu Fabian.

"Unatokea wapi?"

"Zuzu," alijibu Fabian.

"Utaiweza hii mashine?"

"Ataiweza sana, mzee! Amesoma, ana cheti, ni mwepesi wa…"

Hamidi alimtazama Fabian, akasema sawa, mwezi mmoja wa majaribio, tuone. Fabian alitoka pale akiwa na furaha ya mtu aliyefunga goli. Hakugundua kwamba Anyesi alikuwa hajafungua kinywa tangu waingie, isipokuwa kusema shikamoo.

Kazi ikaanza. Hapo ndipo upendo ulipotaka kuharibu kila kitu.

Hoteli nzima ilimpenda Anyesi. Asubuhi mlinzi, Mzee Mazengo, alimsubiri getini, akamwamkua kwa Kigogo, "Mbukwa, mwanangu!" kisha, kama mtu mwenye malezi mema anavyompokea mgeni mzigo, akampokea fimbo. Naam, fimbo nyeupe! Akamwekea kibandani isije ikampa shida, halafu akamshika mkono na kumwongoza kwa uangalifu mpaka kwenye kiti, na njiani akamgongesha mlangoni. Mwanasha wa mapokezi alihamishia kiti chake kando ya swichibodi. Kila laini ilipoita, kifuniko kidogo kilidondoka na kugonga, na kabla mkono wa Anyesi haujakifikia, Mwanasha alishachomeka waya na kusema halo. Mpishi alimletea chakula kikiwa kimekatwakatwa vipande vya kumtosha mtoto. Na katikati ya yote hayo, kila asubuhi, Fabian alikuwa "anapita tu". Anapita tu kuulizia hali, anapita tu kufuta vumbi kwenye mashine, anapita tu kumkorogea sukari.

Anyesi alisema asante. Alisema asante mpaka neno lenyewe likapoteza ladha mdomoni mwake.

Mwezi ukiwa ukingoni, Hamidi aliwaita wote wawili. Hakufoka. Alizungumza kwa upole, na upole wa Hamidi ulitisha kuliko kelele zake.

"Bwana Fabian, uliniahidi mfanyakazi," alisema. "Umeniletea mgeni. Mgeni mwema, mgeni wa heshima, watu wote wanamhudumia. Simu wanapokea wao, yeye anasikiliza. Mimi ni mfanyabiashara, mwanangu. Wageni wangu huwa wanalipia chumba."

Mawazo ya Fabian yalikimbilia Zuzu. Alimwona Sostenes akitikisa kichwa, aliuona ule mkeka uani. Akavuta pumzi ili aanze hotuba, ile aliyoizoea, yenye haki na katiba ndani yake. Kidole cha Anyesi kikamgusa mkononi.

"Nyamaza kidogo, Bwana Fabian," alisema, kisha akaugeuza uso upande wa Hamidi. "Mzee, naomba siku moja ya kazi."

"Umefanya kazi hapa karibu mwezi mzima, binti."

"Sijafanya hata siku moja, mzee. Sijapewa. Naomba nipewe moja. Mtu asiiguse mashine isipokuwa mimi. Fimbo yangu nikae nayo mwenyewe. Nikikosea, nikosee mimi. Na Bwana Fabian asije."

"Nisije?" Fabian aliruka. "Hata kupita?"

"Hata kupita."

Hamidi alikuna ndevu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia binti huyu akiongea sentensi nzima, na sauti yenyewe ilimpendeza, sauti iliyonyooka isiyo na haraka. "Kesho kuna semina," alisema. "Wakubwa kutoka kila mkoa. Simu zitalia kama mvua ya mawe. Basi iwe hiyo kesho. Ikishindikana, tuagane kwa wema."

Kesho yake Fabian alikaa ofisini kama mtu aliyekalia siafu. Alifungua faili, akalifunga. Alinyanyua mkono wa simu, akaurudisha. Ritha, mpiga chapa waliyeshirikiana chumba, ambaye Anyesi alimfahamu tangu alipokuja kujaza fomu, alimwonya aache. Fabian alisema anataka tu kuhakikisha laini ni nzima. Akaziba pua kwa vidole, akapiga.

"Hoteli, habari za asubuhi," ilijibu sauti ya Anyesi.

"Njema," alisema Fabian kwa sauti aliyoidhania ni ya tajiri wa Kariakoo. "Naomba kuzungumza na mgeni wenu, Bwana Methusela." Jina lilimjia tu.

"Samahani, hatuna mgeni wa jina hilo. Ungependa kuacha ujumbe?"

Fabian alikata, akapiga ngumi hewani. Anajibu! Mtu mwenye akili angetosheka hapo. Fabian akapiga tena, safari hii akiwa mchungaji mzee mwenye kikohozi, naye pia alimtafuta Methusela. Baadaye akapiga akiwa mwanamke. Hapo Ritha, aliyekuwa akicheka chinichini tangu mchungaji, alishindwa kujizuia, akalala juu ya taipureta akicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Bwana Fabian," sauti ya Anyesi ilisema taratibu upande wa pili, "Methusela bado hajafika. Akifika nitamwambia ndugu zake wote wamempigia. Msalimie Ritha, kicheko chake nimekisikia tangu kwa yule mchungaji. Sasa nakata, watu wanasubiri laini."

Ikakatwa. Fabian akaurudisha mkono wa simu mahali pake kwa heshima, na siku nzima hakuugusa tena. Lakini woga haukumtoka. Kujibu simu tatu za mpumbavu mmoja ni jambo moja. Semina ya wakubwa ni jambo jingine. Saa za chakula hakula. Kila aliyepita koridoni alimdhania Sostenes amekuja kumchukua dada yake.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama simu ilipolia mezani. Aliidaka.

"Nimefokewa!" alipiga kelele Anyesi.

Fabian alisimama wima. "Amekufokea? Nani? Hamidi? Usilie, nakuja sasa hivi, nitamwambia…"

"Usije! Nani analia? Nimefokewa, Bwana Fabian! Mpaka jikoni wamesikia!"

Alikuwa anacheka. Ikabidi Fabian akae chini, na kwa pumzi za vicheko akasimuliwa kisa kizima. Adhuhuri vifuniko viwili vilidondoka kwa pamoja, na mkurugenzi mmoja wa semina alikuwa amemwomba amuunganishe na mkewe Dar es Salaam. Anyesi akachomeka waya tundu lisilo lake. Mwanasha aliuona mkono unavyokosea. Alikalia viganja vyake vyote viwili, akauma ncha ya mtandio, lakini ahadi ni ahadi, hakusema. Mkurugenzi akasema, "Hujambo, mpenzi wangu?" na mpishi wa hoteli akamjibu, "Sijambo, bosi, ila maini yamekwisha."

Hamidi alishuka ngazi akiwa amefura kwa hasira. Hakupunguza sauti, hakuchagua maneno. Alimwambia Anyesi kwamba hiyo ni hoteli si mnada wa mbuzi, kwamba waya una mwenyewe, kwamba akirudia ataona. Alimfokea kama alivyomfokea mpishi, kama alivyomfokea Mazengo, sawasawa kabisa, wala hakumpunguzia kwa kuwa haoni. Wenzake wote walisimama wameduwaa. Anyesi alisema, "Samahani, mzee, sitarudia," akachomoa waya, akauchomeka panapostahili, akampata mke wa mkurugenzi, na kazi ikaendelea mpaka jioni. Baada ya hapo Hamidi aliwaagizia wote chai, na kikombe cha Anyesi kilikuja bila kukorogwa.

"Tangu nizaliwe sijawahi kufokewa kwa kosa la kazi," alisema Anyesi. "Nyumbani nikivunja kikombe, wanasema pole."

Kabla Fabian hajajibu, sauti nzito ilivuma nyuma ya Anyesi huko hotelini: "Anyesi! Simu ya ofisi si ya kupigia soga! Na kesho uwahi!"

"Umesikia?" alinong'ona Anyesi. "Amesema kesho."

Fabian aliweka simu, akatazama dirishani ili Ritha asimwone macho. Ritha naye alikuwa anatazama dirishani kwa sababu hiyohiyo.

Miezi ilipita, na Anyesi akaajiriwa rasmi. Sostenes alipiga miguu chini kidogo, kwa ajili ya heshima yake tu, kisha yeye mwenyewe akabeba kitanda cha dada yake mpaka Area D, kwenye chumba cha uani katika nyumba ya Bibi Mwanaharusi. Jumapili moja Fabian alipata mwaliko. Aliegemeza baiskeli ukutani, akasimama mbele ya mlango wenye pazia jipya la maua, na kwa sababu asiyoijua akajikuta anarekebisha kola ya shati.

"Hodi," alisema.

Kulikuwa na kimya kidogo ndani, kama cha mtu anayelionja neno kabla ya kulitoa.

"Karibu," alisema Anyesi.

Fabian akaingia, akaonyeshwa kiti, akakaa. Anyesi aliwasha jiko la mafuta ya taa, akachemsha, akamimina, kidole kimoja kikiwa ukingoni mwa kikombe. Mkono wa Fabian ulinyanyuka wenyewe kwenda kushika birika. Akauona, akaurudisha pajani. Chai kidogo ilimwagika kwenye sahani. Aliiacha hapohapo, na Mungu peke yake ndiye anayejua kilichomgharimu.

"Jikorogee mwenyewe," alisema Anyesi. "Hapa hatukorogei watu."

Walikuwa kwenye maandazi, wakimcheka Methusela ambaye mpaka leo hajafika hotelini, mara hodi ikapigwa tena mlangoni. Ilikuwa sauti ya Bibi Mwanaharusi. "Jirani, upo? Nimeishiwa chumvi, nisaidie kidogo."

Mdomo wa Fabian ulifunguka. Ulikuwa umezoea, neno lilishafika kwenye ulimi. Akachukua andazi zima akalisukumia ndani, akabaki amevimba mashavu, machozi yakimlengalenga, akisubiri kama wageni wengine wanavyosubiri.

Anyesi alikuwa ameshasimama, anapapasa rafu yake, kopo la chumvi li mkononi.

"Karibu, Bibi," alisema. "Pita ndani. Nina mgeni, lakini karibu."