Kidole Kilichopita Mchujo

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama kwenye foleni ya kura ya mchujo, katika shule ya msingi niliyosomea, nimevaa kaptura ya shule. Kaptura ilinitosha. Hakuna aliyeshangaa, nami sikutaka kuwa wa kwanza.

Nilikuwa nimekwenda kumpigia kura dada yangu mdogo, Mkawasi, anayetafuta tiketi ya chama agombee udiwani wa wadi yetu. Mwezi uliopita aliniuliza kama nimejiandikisha kuwa mwanachama, maana chama chao hakiruhusu mtu wa nje apige kura ya mchujo. Nikamwambia nimejiandikisha zamani. Ulikuwa uongo. Mimi najivunia kutokuwa na chama, na hulisema hilo kwa kinyozi hata bila kuulizwa.

Mlangoni pa darasa la nne kuna daftari limekaa kwenye kiti, limekunja nne.

"Jina?" linauliza.

"Mghanga Mwambela."

Linajifunua, linajipekua kurasa, linarudi mwanzo. "Humu hakuna Mghanga."

"Mimi ni kaka yake mgombea."

"Mwanachama ni mwana wa chama. Wewe ni mwana wa nani?"

"Wa mzee Mwambela."

"Mzee Mwambela ni chama?"

Nafikiri kidogo. "Alikuwa fundi wa baiskeli."

"Basi ingia ukachujwe," linasema, na kujifunga.

Ndani si darasa tena. Ni jiko la mama, ila dari imepanda juu kama ya kanisa. Chujio la chai, lilelile ambalo mama alilifunga mpini kwa waya, linaning'inia juu ya kikombe kikubwa kuliko tangi la maji. Tunamiminwa. Walioandikishwa wanapita kwenye matundu mmoja mmoja, wakiombana radhi. Mimi nabaki juu pamoja na mwalimu mkuu mstaafu, wanawake wawili wa kwaya, na mbuzi.

"Chujio," nasema, "diwani atakayepatikana atakuwa wangu pia. Barabara yake nitaipita."

"Barabara utapita. Hapa hupiti."

"Huo ni uonevu."

"Wali wa harusi huonjwa kwanza na wapishi. Wewe utakula na wageni wengine siku ya uchaguzi mkuu."

"Na kama wapishi hawajui chumvi?"

"Ungekuja kupika. Mlango wa jiko ulikuwa wazi mwezi mzima."

"Hapo amesema kweli," anasema mbuzi. Nilimchukia mbuzi yule.

Kutoka chini ya kikombe sauti inatangaza matokeo. Mkawasi, mia mbili na tatu. Mpinzani wake Mwachofi, mia mbili na tatu. Imebaki kura moja, kama ipo.

Nalala kifudifudi na kujisukuma. Kichwa hakiingii, bega haliingii. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kinachopakwa wino, kinapita.

"Kidole kimepita, mtu amebaki," anatangaza karani aliye chini. "Kidole, wewe una chama?"

"Mimi kazi yangu ni kuchovywa wino," kidole kinajibu. "Mengine muulizeni mwenyewe."

Ndipo Mkawasi anapotokea ukingoni mwa kikombe, amevaa ile suti yake ya samawati, imelowa chai mpaka kifuani. Hakasiriki. Anakitazama kidole changu, kisha ananitazama mimi kupitia wavu.

"Kaka, si uliniambia umejiandikisha?"

"Nilikuambia."

"Haya," anasema.

Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona nikiwa macho. Nikafungua kinywa nimweleze msimamo wangu, lakini mtu akalishika chujio kwa mpini, akalikung'uta mara mbili kwenye ukuta wa nje, na sote tukaanguka kwenye sukuma wiki, mbuzi akiwa wa mwisho.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, na kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa Mkawasi:

"Kaka, leo ndio leo. Nimepitia daftari la wanachama lote, jina lako sikuliona. Usijali. Njoo tu, tutakunywa chai."

Nilianza kumjibu kwamba daftari limekosea. Nilikuwa nimefika kwenye neno "limekosea" nilipokiona kidole changu cha mwisho. Ncha yake yote ilikuwa na alama za miraba midogo midogo, na chini ya ukucha palikuwa na jani moja la chai, bado limelowa maji. Nyumbani kwangu tunakunywa uji.

Nikafuta nilichoandika. Nikaandika upya, taratibu, bila kukitumia kidole kile: "Nilikudanganya, dada. Nakuja. Nitasimama nje ya lango."