Nafasi ya Osmund

Osmund alitoka Mbinga jicho limevimba, amemwangusha bondia wa Songea mbele ya Bwana Shauri mwenyewe, Mzungu mtawala wa wilaya. Akaenda moja kwa moja ufukweni Liuli kwa Mzee Bartholomayo, aliyekuwa akishona nyavu na wenzake. Tangu vijana warudi na mchezo wa ngumi kutoka jeshini, wazee hao ndio walioamua nani bora kuliko nani.

"Shikamoo, baba. Sasa mimi wa ngapi?"

"Marahaba. Wa tatu."

"Wa tatu? Pasaka nilikuwa wa pili, nyuma ya marehemu Pankras tu!"

"Ndiyo. Lakini juzi tumemzika Eusebius."

Osmund akahisi kichwa kinawaka moto. Eusebius! Huyo ambaye yeye Osmund alimlaza chini mara mbili, hata akabebwa nyumbani kama gunia la mihogo! Lakini huku ziwani mtu akishazikwa, kushindwa kwake hakutajwi tena. Zinabaki ngumi alizopiga, na kila matanga zinazidi uzito.

"Baba, nilimpiga mimi! Nyote mlikuwepo!"

Wazee wakatazama pembeni, kama waliosikia matusi msibani.

"Hilo hatulisemi tena, mwanangu."

"Basi nifanye nini niwe wa kwanza?"

Mzee Bartholomayo akakata uzi kwa meno, akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Endelea hivyo hivyo. Siku utakayotutoka, nitasimama mwenyewe kaburini niwaambie watu kwamba hajapata kutokea kama wewe."