Mama, Mbuzi na Mimi Wawili

Kwa Kiingereza sina mpinzani kidato cha tatu, na sijawahi kusinzia kitabu kikiwa mbele yangu. Naomba hilo lieleweke mapema. Sasa, jana mchana, kitabu kikiwa usoni, niliota.

Niko uani kwetu, ila ua umegeuka kliniki. Kwenye kamba ya nguo unaning'inia ule mzani wa watoto wachanga, pamoja na kikaptula chake. Kwenye foleni tupo wawili, mimi na mbuzi wetu, Meneja. Muuguzi si mtu. Ni neno "than", limevaa kofia nyeupe.

"Sentensi," likasema bila kuniangalia.

Nikatoa zoezi langu. Mother loves the goat more than, halafu pengo. Nijaze "I" au "me"?

"Hapa unachoandika ndicho kinachokuwa," likasema neno. "Ukijaza 'I', mama anampenda mbuzi kuliko wewe unavyompenda mbuzi. Hakuna aliyeumia. Ukijaza 'me', anampenda mbuzi kuliko anavyokupenda wewe."

Nikamtazama Meneja. Anacheua tu, kama mtu aliyekwisha kuona matokeo.

"Naweka 'I'," nikasema.

"Mwite aje mwenyewe."

Wakaja wote wawili. "I" alikuwa mimi mtupu, mwenye tai na viatu vilivyopigwa kiwi, anafagia uwanja bila kutumwa. "Me" naye alikuwa mimi, wa kandambili, amelala kwenye toroli, anasukumwa na bata.

"Wewe kazi yako nini?" nikamuuliza wa toroli.

"Kutendwa, ndugu yangu. Nasukumwa, naogeshwa, napewa. Sijawahi kunyanyua kijiko."

"Na wewe?"

"Mimi natenda," akasema wa tai. "Kitendo changu hakijaandikwa kwenye sentensi, kimejificha nyuma ya tangi la maji, lakini kipo."

Nikamsukuma "I" kwenye pengo. Akaenea sawasawa. Mzani ukatulia, na moyo wangu nao ukatulia.

Mara kliniki ikawa chumba cha mtihani, na mama ndiye msimamizi. Kashika sufuria ya mchuzi wa kuku. Kwetu firigisi ni ya baba, haiguswi hata na mgeni. Lakini huko ndotoni baba kasafiri, na firigisi iko juu ya mwiko, inatafuta mtu.

"Haya Hozza, nimpe nani?" akauliza mama.

"Nipe mimi, mama."

"Mimi yupi? Kwenye sentensi namwona huyu wa tai."

"Na 'I' hapewi kitu," neno likaingilia. "Anayepewa ni 'me'. Mtoe huyu, umweke yule, ule firigisi yako."

"Halafu mama atampenda mbuzi kuliko mimi?"

"Ndivyo itakavyokuwa imeandikwa."

Nikatafakari. Firigisi inatoa moshi. Mama ananiangalia, namwangalia mama. Nikasema "I" abaki palepale. Kuikosa firigisi nitazoea.

"Basi apewe Meneja," mama akasema.

"Mimi hata nyama sili, Mama Hozza," mbuzi akajibu kwa heshima. "Lakini 'I' si anatenda? Hapewi, ila nani kamkataza kuchukua?"

Neno likafungua kitabu cha kanuni, likafunika. Halikuona kosa. "I" akanyoosha mkono, akachukua, akatafuna, akameza. Akarekebisha tai.

Nikaamshwa na mguu. Baba kasimama juu ya mkeka wangu, bakuli mkononi, anakoroga mchuzi kama mtu aliyepoteza ufunguo. Nyuma yake dada yangu, Mwanaasha.

"Mwenye firigisi yangu ni nani?" akauliza baba.

"Shikamoo baba. Nilikuwa nasoma."

Nikajifanya nafunua daftari. Kwenye pengo la sentensi kuna alama ya dole gumba, ya mafuta, bado mbichi. Nikafunga daftari taratibu.

"Usimwonee, baba," akasema Mwanaasha. "Alikuwa amelala kweli. Nimemwona anakwenda jikoni amelala, anarudi amelala. Njiani akasimama akamshukuru mbuzi."

Baba akaacha kukoroga.

"Kamshukuru kwa Kiingereza?"

"Alijaribu," akasema Mwanaasha.