Mapigo Saba ya Filomena

"Mwanangu hashiki kamba hiyo ya kengele! Umenisikia, Tadei? Labda nife kwanza!"

"Mama Joakimu, aliyemchagua ni padre. Mimi nimeambiwa nifundishe tu."

"Padre, padre! Hata siku ile ulisema padre amekuja!"

Hapo Tadei, mpiga kengele wa kigango, akageuza uso. Majirani waliojifanya wanafagia wakaacha kufagia. Katika kijiji kile kipya nyumba zilipangwa mistari kama madawati. Ukipiga chafya mstari wa kwanza, wa mstari wa tatu wanakujibu afya. Ugomvi haukuhitaji kualika watu.

Siku ile kila mtu aliijua, ila walipenda kuisikia tena. Ilikuwa Jumanne, mwaka wa sabini na nne, watu wangali kwenye mashamba yao kule juu, upande wa mahali paitwapo Daudi. Kengele ya kigango ikalia ya misa. Padre alikuwa anafika mara moja kwa mwezi, siku yoyote barabara ikimruhusu, kwa hiyo watu waliacha majembe, wakanawa miguu, wakaenda. Padre hayupo. Walimkuta ofisa mmoja na karatasi yake, akawasomea habari za kuhamia kijijini mpaka jua likawa utosini. Waliporudi, paa zilikuwa chini. Mama mkwe wa Zita, huyu mama Joakimu, mgonjwa wa miguu, alikuwa amekalishwa nje juu ya ngozi ya ng'ombe, amekumbatia chungu, peke yake. Kengele yenyewe ilipandishwa lori kabla ya wagonjwa.

Tangu hapo Zita hakumpa Tadei salamu, alimpa matusi. Na wakawekwa ukuta kwa ukuta, maana aliyegawa viwanja hakuuliza nani anaongea na nani.

Tadei naye alikuwa na lake moyoni. Miezi minne baada ya kuhama, mkewe Filomena alikufa kwa kichomi. Kwao mwanamke hupigiwa mapigo saba na mwanamume tisa, moja moja, ili hata aliye shambani ajue. Kengele ikishalia, nyumba ya msiba haiwashi moto. Jirani wa karibu ndiye anayepika. Lakini mpiga kengele hampigii mtu wa nyumba yake. Ni mwiko wa tangu kengele ilipoletwa. Tadei aliwaomba watu watatu wampigie, yeye awahesabie pembeni. Wa kwanza alisema mkono unamuuma. Wa pili alisema ana zamu kwenye shamba la ujamaa. Wa tatu hakujisumbua hata kutafuta uongo. Filomena akaingia kaburini kimya kimya. Na Zita, jirani wa karibu, hakupika. Alipoulizwa alisema: "Kwani kuna msiba? Mimi sijasikia kengele."

Sasa miaka miwili imepita, bega la Tadei limekufa, haliinuki. Asipopata wa kumrithi, naye atazikwa vilevile.

Kesho yake asubuhi Joakimu alikuja, mtu mzima mwenye watoto wawili na ubishi wote wa mama yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama anasemaje?"

"Anatukana. Tuanze."

Akaikamata kamba, akaivuta kwa nguvu zote. Kengele ikagonga mara mbili, na kwenye nyumba ya pombe watu wakapasuka kwa kicheko.

"Humtoi ng'ombe kwenye tope!" Tadei akasema. "Iteremshe, halafu iache ipande yenyewe, mkono uisindikize. Ukiizuia itagonga mara mbili. Kwenye msiba ukigonga mara mbili, umeua mtu wa ziada."

Wiki mbili wakafanya hivyo, wakisema ya kamba tu. Ya sala ya Malaika wa Bwana, tatu tatu mara tatu. Ya misa, ndefu na ya taratibu. Wakafika kwenye ya hatari, ya moto au wezi wa mifugo, haraka haraka bila kupumua. Joakimu akaishika kamba asiivute.

"Na siku ile, mzee, hii ya hatari hukuijua?"

Tadei alitazama viatu vyake vya matairi.

"Niliambiwa padre yuko njiani, nikaanza kupiga. Kamba ikiwa mkononi nikaona lori nyuma ya mikaratusi. Mgambo wamejaa, na mashoka. Ningeweza kubadilisha. Mapigo matatu tu ya haraka, watu wangerudi mbio majumbani. Niliogopa. Nikaendelea na ya misa. Nikaipiga vizuri kuliko siku zote."

Joakimu aliizungusha kamba mkononi. Alipoongea, sauti ilikuwa kavu.

"Wewe sina la kukuambia. Lakini mkeo Filomena alikuwa kanisani na sisi, na paa lake nalo liliangushwa. Kwa mwanamke ni saba?"

"Saba."

Akapiga. Moja moja, safi, bila kosa. Tadei akaketi chini kwenye vumbi, midomo inahesabu.

Kijiji kizima kikatoka. "Saba! Mwanamke! Nani?" Zita alifika mbele ya wote, mikono imejaa unga.

"Nani kafa, Joakimu?"

"Filomena, mama."

Kuna waliocheka. "Huyo si kaoza siku nyingi!" akasema mmoja. Zita hakucheka. Alimtazama mwanawe, akaitazama kamba, akamtazama yule mzee pale chini.

"Mama Joakimu," Tadei akasema, "lori nililiona."

"Najua. Kule juu lori likija hata kipofu analiona. Miaka miwili nangoja useme."

Akageuka, akaenda hatua kumi, akasimama bila kuangalia nyuma.

"Usije ukafikiri nimekusamehe. Ila leo kengele nimeisikia, na mfiwa hapiki. Inuka, Tadei. Ingia kwangu ule, ugali uko jikoni."