Siku Mama Alipotaka Faru

Mama yangu amelima vitunguu Karatu tangu ujana wake. Ukungu wa Ngorongoro anauona kila asubuhi akifungua mlango, lakini ndani ya kreta, kwenye lile bonde la wanyama, hakuwahi kushuka. "Nikalipie kuona nyati?" husema. "Nyati walikula mahindi ya baba yangu bure."

Mwezi wa nne wageni walipopungua, tajiri wa mume wangu Gwandu alimruhusu kutumia gari la watalii siku moja. Gwandu akasema tumchukue mama. Sababu niliijua. Tangu anioe, mama hakuamini kwamba kupeleka watu wakatazame wanyama ni kazi ya mtu mzima.

"Haya, twende," mama akasema, akipanda mbele na kapu lake la viazi vya kuchemsha. "Ila mimi nataka faru. Hao wengine nawajua."

Tukashuka. Pundamilia wakajaa barabarani, na kule ziwani ndege heroe walikuwa kama kanga nyekundu zimeanikwa.

"Mama, tazama heroe," nikamwambia.

"Nimewaona. Faru yuko wapi?"

Gwandu akauliza kwenye redio. Hakuna dereva aliyemwona faru.

Jua likawaka. Tukasimama tule viazi, mbali kidogo na simba majike watatu waliolala kwenye nyasi. Mmoja akainuka, akaja taratibu moja kwa moja hadi kwetu, akajibwaga kwenye kivuli cha gari, chini ya mlango wa mama.

Mama akaacha kutafuna.

"Gwandu, baba," akanong'ona, "washa gari."

"Siwezi, mama. Mkia wake uko mbele ya tairi."

"Sasa?"

"Tusubiri aamke."

"Ataamka lini?"

"Hajaniambia."

Kwetu mkwe haleti utani hivyo. Mama akamkodolea macho, kisha kicheko kikamponyoka, akakizuia kwa kitenge mpaka mabega yakamtetemeka. Simba akainua kichwa, akatuangalia kama jirani aliyesumbuliwa usingizini, akalala tena.

Basi tukakaa. Nikamimina chai kutoka kwenye chupa. Kwa kuwa hapakuwa na pa kwenda, mama akaanza kumuuliza mkwe wake maswali: huyu ana watoto? Wageni wakiogopa unawafanyaje? Na wewe huogopi? Gwandu akajibu yote, hata lile la mwisho.

"Naogopa, mama. Siku ya kwanza nilisahau hata gia."

Naye mama akamsimulia alivyokuwa akipiga debe shambani, msichana mdogo, kuwafukuza nyati gizani. Mimi mwenyewe sikuwahi kuisikia habari hiyo.

Katikati ya masimulizi akanyoosha kidole. "Mbona nyati yule pembe zake ziko puani?"

Gwandu akageuka. Darubini nusura imponyoke mkononi.

"Mama! Huyo ni faru! Tena ana ndama!"

Walikuwa wanakuja upande wetu, mkubwa akitembea kama mwenye nyumba, mdogo akikimbia kumfikia. Wakavuka barabara mbele yetu, karibu kiasi cha kuona matope yaliyokauka mgongoni. Mama alikuwa amesimama juu ya kiti, kichwa nje ya paa lililofunguliwa, mikono miwili mdomoni, vigelegele visimtoke.

Walipopita, akashuka akanyakua redio.

"Halo! Faru wako huku! Wawili!"

"Nani anaongea?" sauti ikauliza.

"Mama mkwe wa Gwandu! Njooni polepole, simba wetu amelala."

Redio nzima ikacheka. Magari yalipofika, kila dereva alimwamkia, "Shikamoo, mama mkwe," naye akaitikia kila mmoja na kumwonyesha kwa kidole faru walikoelekea.

Kivuli kilipohama, simba akahama nacho, nasi tukaondoka.

Tukipanda ukingo wa kreta kurudi nyumbani, mama akamgeukia Gwandu.

"Kesho unapeleka nani?"

"Wajerumani wawili, mama."

"Watoshee huko nyuma. Mimi nitakaa hapahapa."

Gwandu akaniangalia kwenye kioo, akiomba msaada. Nikatazama dirishani.