Jiwe la Milka kwenye Hekalu la Warumi

Usinione nimesimama hapa na sare iliyopigwa pasi ukadhani nilizaliwa kulinda milango. Mimi Joram ni mchongaji, mtu wa Tabaka, Kisii, kule ambako jiwe la sabuni linachongwa katika kila ua wa nyumba. Hapa Doha, Qatar, niliingia kwa sababu vinyago havilipi karo, na ajenti aliniapia kwamba kazi ya ulinzi ni kusimama tu. Kusimama tu! Hebu jaribu wewe, ndani ya jua la hapa, halafu uniambie kama miguu bado ni yako.

Waliponihamishia karakana moja ambako kulikuwa kunatengenezwa mfano wa hekalu la Kirumi kwa ajili ya maonyesho, nilifurahi kama mjinga. Nilikuwa mlangoni, lakini pua yangu ilikuwa ndani. Vumbi la mawe! Msimamizi wa mafundi, Mzungu aliyeitwa Shaun, aliniona nikichungulia akaniita niangalie michoro. Si hekalu la Roma kwenyewe, aliniambia. Ni la mji mdogo wa mikoani, mbali kabisa, ambako watu walitaka kuwa Warumi kuliko Warumi.

Lilikuwa limeinuliwa juu ya msingi mrefu wa mawe, na ngazi zake ziko mbele tu. Ukija kwa nyuma unakutana na ukuta, rudi ulikotoka. Nguzo nne za mbele zilisimama zenyewe, lakini za ubavuni zilikuwa nusu nguzo, zimezama ukutani, urembo mtupu. Mawe yake yalichimbwa karibu na mji huo, yakapakwa chokaa na rangi ili mgeni adhani ni marumaru. Juu, kwenye pembetatu ya paa, walichonga mafuvu ya ng'ombe na mashada ya maua. Na watu hawakuingia. Ndani alikaa mungu wao na makuhani. Wengine wote walichinja sadaka nje, chini ya ngazi.

"Kumbe hata wao walikuwa na watu wa kusimama nje," nilimwambia Shaun. Alicheka. Mimi sikuwa natania.

Ndipo akaniambia kuna nafasi moja ya mchongaji, na wachongaji walikuwa wanapewa nyumba ya familia. Mke wangu Milka ni mfanyakazi wa nyumbani mtaa wa Muaither, analala kwa madam wake. Mimi nalala Al Rayyan kwenye kambi ya kampuni, chumba kimoja na wanaume wanaokoroma kwa zamu. Tunaonana Ijumaa, mtaa wa Najma, sebuleni kwa binamu yangu Jeremiah, tumekaa wima kwenye kochi kama wachumba wanaochungwa. Watoto wawili tumezaa, Kwamboka na mdogo wake, jamani! Nilitaka nyumba hiyo kuliko chochote.

Shaun alinipa jiwe dogo la chokaa na picha ya kichwa cha nguzo, kile kipande cha juu kinachobeba paa, kimezungukwa na majani yenye meno. "Nichongee hiki," alisema. "Kikifaa, nitakupeleka kwa mudir mwenyewe, bosi wetu."

Nilichonga kila nilipotoka zamu. Kwenye picha majani yalikuwa yamelika, ncha zimekatika, lakini kwetu mteja akikuletea picha ya twiga aliyevunjika sikio, unamchongea sikio. Nani achonge kuvunjika? Nikayarudishia majani ncha zake zote, moja moja, mpaka yakasimama kama sukuma wiki iliyonyeshewa.

Na kwetu mwanamume hamalizi jiwe. Mwanamume anachonga, mwanamke analisugua kwa msasa na maji mpaka ling'are, kisha analipaka nta. Ukipeleka sokoni jiwe lenye alama za tindo watakucheka, wakuulize kama umeachwa na mke. Kwa hiyo Ijumaa Jeremiah akalipakia kwenye pikapu yake, tukalishusha Najma, na Milka akakaa mbele ya karai. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa dawa za kusafishia choo. Maji yalimwuma, nilimwona.

"Mama Kwamboka, pumzika kidogo," nilimwambia.

"Nipumzike na nyumba yangu imo ndani ya jiwe hili? Niongeze maji, Baba Kwamboka."

Alisugua mpaka jua likazama. Jiwe lilikuwa laini, hata shavu la mtoto ungeliona lina kasoro.

Shaun alipoliona aliliinamia. Akalipapasa, akatikisa kichwa. "Joram, mkono wako ni mzuri sana. Lakini hekalu hili tunalitengeneza likiwa gofu. Lina miaka elfu mbili. Nilitaka jiwe lililochoka, wewe umeniletea sabuni ya hotelini."

"Nipe jingine. Nitalichokesha, hata mimi mwenyewe nimechoka!"

Lakini mudir alikuwa ameshaingia. Alilitazama jiwe mara moja, akasema mchongaji amepatikana tayari, khalas, yaani imekwisha. Shaun akachukua nyundo, na mbele ya macho yangu akazikata ncha za majani. Tap, tap. Akalipaka chai na vumbi. "Angalau tutalitumia," alinifariji.

"Na mimi?"

"Wewe si una kazi tayari?" mudir alisema.

Haya basi. Jiwe likaajiriwa, mimi nikaachwa. Milka nilimwambia tu kwamba nafasi imechukuliwa. La nyundo sikulitamka, lingenitoka vipi?

Maonyesho yalipofunguliwa walinipanga pale pale, mbele ya hekalu. Jiwe letu wamelilaza chini ya ngazi, kati ya mawe yaliyoanguka, na taa yake. Mfinyanzi hulia gaeni, ndivyo tunavyosema. Hakuna aliyeniambia kwamba atawekwa kulilinda gae lenyewe, na redio kiunoni.

Jumamosi Milka akaja. Hakuja kwangu; alikuja nyuma ya madam wake, amebeba mifuko. Alilitambua jiwe kutoka mbali. Akaweka mifuko chini, akavuka kamba ya kuzuia wageni, akainama, akatia kiganja kwenye jani lililokatwa.

Redio ikakoroma. Alikuwa Eugene, kiongozi wetu wa zamu, Mkenya mwenzangu, anatutazama kwenye kamera. "Joram, khadama huyo anagusa. Mtoe haraka." Khadama, ndivyo wanavyomwita mtumishi wa ndani hapa.

Nikamsogelea.

"Nani amelivunja hivi?" Milka aliniuliza kwa sauti ya chini. Machozi yalikuwa yameshamlenga.

Madam wake alikuwa ameshageuka. Watu walikuwa wanatutazama.

"Madam, tafadhali usiguse," nilimwambia mke wangu, kwa Kiingereza, kwa sauti ya kazini.

Akautoa mkono. Akaupangusa kwenye sare yake, akaniomba radhi kwa Kiingereza hicho hicho, akaniita bwana mkubwa, kisha akarudi kuokota mifuko.